Gamba la Kobe na Matunzo Yake

Ukitoka Forodhani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, ukapanda mashua ya mtambo na kuelekea upande wa kaskazini-magharibi, baada ya muda usiotimia nusu saa wafika kisiwa kidogo kiitwacho Changuu. Jina hilo, kama wavuvi wajuavyo, latokana na samaki aitwaye changu. Wageni wengi hukiita Kisiwa cha Gereza, kwa sababu ya jumba lililojengwa huko mwaka 1893 kwa amri ya Lloyd Mathews, aliyekuwa waziri mkuu katika serikali ya Sultani. Jumba hilo lilikusudiwa kuwa gereza, lakini halikupata kufungiwa wafungwa. Baadaye kisiwa kikafanywa mahali pa kuwatenga wasafiri waliodhaniwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Mambo hayo yote yamekwisha pita. Siku hizi wengi waendao Changuu huenda kuwatazama kobe.

Kobe hao si wenyeji wa Unguja. Asili yao ni kisiwa cha Aldabra, katika Shelisheli. Mwaka 1919 gavana wa Kiingereza wa Shelisheli alipeleka Changuu zawadi ya kobe wanne. Walipendezwa na mahali pale, wakazaana, hata mwaka 1955 walipata kiasi cha 200. Ndipo wezi walipoanza kuwanyemelea. Baadhi ya kobe waliliwa, na wengine wakauzwa ng'ambo kwa watu waliotaka kuwafuga majumbani mwao. Mwaka 1988 walikuwa kiasi cha 100. Mwaka 1990 kiasi cha 50. Na mwaka 1996 walisalia saba tu. Mwaka huo huo watoto 80 wa kobe wakapelekwa kisiwani ili kuongeza idadi, na 40 miongoni mwao wakatoweka. Kisha serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa chama cha kimataifa cha kuwalinda wanyama, ikajenga ua mkubwa na imara. Na kufika mwaka 2000 wakahesabiwa kobe wakubwa 17, wa makamo 50, na watoto 90.

Yafaa tuitafakari habari hii, kwa maana yatufundisha jambo moja. Wengi wa watu walionunua kobe walioibwa hawakuwachukia wanyama hao. Waliwapenda, wakatamani kuwa nao. Lakini upendo usio na maarifa humdhuru apendwaye. Kobe aliyechukuliwa angali mdogo, akawekwa penye giza, akalishwa mkate na wali, hafi siku ile wala mwezi ule. Hupotoka polepole, gamba likalegea au likavimba vilima vilima, na mwenyewe asijue mpaka mambo yamekwisha haribika. Kwa hiyo twaandika hapa machache juu ya gamba la kobe na namna ya kulitunza, ili aliye naye nyumbani kwa halali amtunze ipasavyo, na asiye naye afikiri sana kabla ya kumchukua.

Gamba ni kitu gani

Watoto huuliza mara nyingi, Je, kobe akivua gamba lake hufanana na nini? Jawabu ni kwamba hawezi kulivua, kama vile mtu asivyoweza kuvua mbavu zake. Konokono ana kombe lililoshikamana naye mahali padogo tu, kobe sivyo. Uti wa mgongo wake na mbavu zake zimeungana na gamba la juu, zikawa kitu kimoja. Gamba lote, la juu na la tumboni, ni mifupa mingi iliyoshikana kama mawe ya ukuta.

Juu ya mifupa hiyo kuna vigae vya namna ya ukucha au pembe ya ng'ombe. Ukimtazama kobe mgongoni utahesabu vigae vikubwa 13: vitano vimepangwa katikati toka shingoni mpaka mkiani, na vinne kila upande, kisha vidogo vimezunguka ukingoni. Na kati ya kigae na mfupa kuna ngozi nyembamba iliyo hai, yenye damu na mishipa ya fahamu. Basi ukimgusa kobe mgongoni asikia; ukimkwaruza asikia; ukimchoma aumia, ijapokuwa hana sauti ya kulia. Mwenye kufahamu neno hili moja amekwisha fahamu nusu ya matunzo yote: gamba si ngao ya chuma aliyovikwa mnyama, bali ni kiungo cha mwili wake, nalo hula, hukua, huugua na hupona pamoja naye.

Gamba hukua pembezoni mwa kila kigae. Kobe mdogo anayestawi utaona mistari myeupe au ya rangi ya maziwa baina ya vigae vyake. Usiogope, wala usiisugue ukidhani ni ukoga; hiyo ni alama ya ukuaji. Tena watu husema kwamba pete zilizo juu ya kila kigae ni hesabu ya miaka ya kobe. Neno hilo si la kutegemewa. Mwaka wa chakula tele waweza kuleta pete zaidi ya moja, na mwaka wa shida usilete hata moja. Na kobe mzee pete zake hufutika kwa kujikwaruza, gamba likawa laini kama jiwe la pwani.

Jua

Neno la kwanza katika matunzo ni jua. Mwili wa kobe huhitaji madini ya kalsiamu ili kujenga mfupa, lakini hauwezi kuyatumia vema pasipo vitamini D. Na vitamini hiyo hutengenezwa mwilini mwake kwa miali ya jua isiyoonekana kwa macho. Kobe akikosa jua, hata ukimlisha vizuri namna gani, mifupa yake hulegea, na gamba hubonyea kwa kidole kama kitumba cha mkeka.

Hapa wakaao Mji Mkongwe wana shida yao. Nyumba ni ndefu, vichochoro ni vyembamba, na ua wa ndani hupata jua saa chache tu za mchana. Tena wako wadhanio kwamba yatosha kumweka kobe karibu na dirisha la kioo. Haitoshi, kwa kuwa kioo huruhusu mwanga na joto kupita, lakini huzuia miali ile yenye faida. Afadhali kobe apelekwe kila siku mahali palipo wazi, uani au bustanini, apate jua la asubuhi toka saa moja mpaka saa nne hivi. Katika shamba jambo ni jepesi zaidi. Ua wa miti chini ya minazi, penye jua na kivuli pamoja, wamfaa sana.

Lakini jua lenyewe lisipotumiwa kwa busara huua. Kobe hatoki jasho kama sisi, na mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Akifungiwa juu ya sakafu ya saruji wakati wa kaskazi, saa sita mchana, pasipo kivuli wala maji, aweza kufa kabla ya alasiri. Kwa hiyo siku zote pawe na kivuli cha kukimbilia: kibanda cha makuti, au mti wenye majani mazito. Kobe mwenyewe ajua wakati wa kuota jua na wakati wa kujificha. Kazi yetu ni kumpa pote pawili achague.

Chakula cha kujenga gamba

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kila fundi mwashi ajua kwamba chokaa ikiwa haba au ikiisha nguvu, maji huingia ukutani, na ukuta hufura ukamong'onyoka. Ndivyo ilivyo kwa gamba. Kalsiamu ndiyo chokaa ya mwili, na isipopatikana katika chakula, mwili huichukua mifupani mwake wenyewe, kama mtu avunjaye ukuta wa nyumba yake apate mawe ya kujengea jiko. Ila mtu asidhani kwamba chokaa ya kujengea yafaa kuliwa. Hiyo huunguza kinywa na tumbo. Kalsiamu ya kobe hupatikana kwa njia nyingine.

Chakula chake kikubwa ni nyasi na majani. Kobe wa Aldabra huko kwao hula nyasi fupi kama ng'ombe malishoni. Hapa kwetu mpe nyasi mbichi na kavu, majani ya mforosadi, majani ya viazi vitamu, majani ya kunde, na vipande vya mpungate vilivyoondolewa miiba. Mchicha apewe mara chache tu, kwa sababu una kitu ndani yake kinachoizuia kalsiamu isiingie mwilini. Matunda, kama papai, embe na pera, ni kitoweo cha siku moja moja. Yakizidi humharisha, na sukari yake haimjengi.

Vyakula visivyomfaa kabisa ni mkate, wali, ugali, maziwa, nyama na chakula cha mbwa au paka. Watoto hupenda kumpa masalio ya mezani, na yeye huyala kwa tamaa, ndiyo maana watu hudhani yamfaa. Vyakula hivyo humkuza mbio kuliko mifupa yake iwezavyo kufuata, na huyachosha mafigo yake. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Na kwa kobe methali hii ni kweli kwa mwili na mifupa. Kobe akuaye polepole hupata gamba zito na imara.

Ili kumwongezea kalsiamu, njia rahisi kwa wakaao pwani ni ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi uokotwao ufuoni. Uoshe, uuloweke katika maji baridi yasiyo ya chumvi kwa siku mbili tatu ukibadili maji, uukaushe juani, kisha uuweke mahali alipo kobe. Atautafuna kwa kiasi kimtoshacho. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa kuwa unga yafaa pia, yakinyunyizwa kidogo juu ya majani. Na chakula kiwekwe juu ya sinia au jiwe bapa, wala si mchangani, asije akameza mchanga mwingi ukamziba matumbo.

Maji na unyevu

Msomaji aliyepata kuona kobe wa kufugwa mwenye gamba la vilima vilima, kila kigae kimeinuka kama kichuguu, amekwisha ona matokeo ya ujana mbaya. Kwa muda mrefu watu walifikiri kwamba vilima hivyo husababishwa na chakula chenye nguvu mno peke yake. Lakini mwaka 2003 wataalamu wawili wa Vienna, Wiesner na Iben, walitangaza habari za majaribio yao juu ya watoto wa kobe wa Afrika waliolelewa katika hewa kavu na hewa yenye unyevu, na kwa vyakula mbalimbali. Waliona kwamba ukavu wa hewa ndio uliokuwa na nguvu zaidi katika kuinua vilima, kuliko chakula.

Unguja ina bahati, kwa maana hewa yetu ina unyevu mwingi. Walakini kobe mdogo aliyewekwa ndani ya sanduku kavu, au juu ya sakafu ya saruji mwezi wa Januari na Februari, hukauka vilevile. Mpe pembe moja yenye udongo laini, majani makavu na makumbi ya nazi, nawe uinyunyizie maji kila siku ili ajifukie humo apendapo. Sehemu nyingine iwe kavu.

Tena kobe mdogo aogeshwe. Chukua beseni pana, tia maji ya uvuguvugu yafikayo pale gamba la juu linapokutana na la chini, wala yasipite kidevu chake. Mwache humo kwa dakika 15 au 20, mara mbili tatu kwa juma, nawe usiondoke, kwani kobe wa nchi kavu hajui kuogelea. Atakunywa, atajisaidia, na gamba lake litapata maji. Baada ya hapo mkaushe kwa kitambaa. Ukitaka kuondoa matope, tumia mswaki laini na maji matupu. Sabuni haina kazi hapa.

Mambo yasiyofaa kutendwa

Wako watu wapakao gamba mafuta ya nazi ili ling'ae mbele ya wageni. Mng'ao huo hautokani na afya. Mafuta hunasa vumbi na uchafu, na uchafu huzaa ukungu. Vivyo hivyo rangi na vanishi. Wageni waendao Changuu huonyeshwa tarakimu zilizoandikwa kwa rangi juu ya magamba ya kobe wakubwa kuonyesha umri wao. Lakini mtu asiige jambo hilo nyumbani, hasa kwa kobe mdogo, ambaye rangi huziba pembe za vigae vyake vinavyokua, na dawa zilizomo ndani ya rangi zaweza kumdhuru.

Ubaya ulio mkubwa zaidi ni kutoboa tundu ukingoni mwa gamba ili kupitisha kamba. Tumekwisha sema kwamba gamba ni mfupa na ngozi iliyo hai. Kulitoboa ni kumtia mnyama jeraha, na jeraha hilo huwa mlango wa maradhi. Kobe azuiwe kwa ukuta mfupi au ua wa miti, wala si kwa kamba. Na ukuta huo usiwe wa wavu aonao nje, maana hatakoma kusukuma mpaka achubuke. Uwe wa mbao au mawe asiyoweza kuona ng'ambo yake.

Asiruhusiwe mtoto kumkalia kobe wala kusimama juu yake. Kobe dume mkubwa wa Aldabra aweza kufikia kilo 250, na kwa ukubwa huo watu hudhani aweza kubeba chochote. Lakini mzigo juu ya gamba hulemea uti wa mgongo na mapafu yaliyo chini yake. Wala asigeuzwe chali kwa mchezo. Kobe aliyepinduka hupumua kwa shida, na akikaa hivyo juani hufa. Mwinue polepole, kwa mikono miwili, ukimgeuza kwa upande.

Mwisho, kobe mdogo ana adui wengi. Mbwa humtafuna kama mfupa. Panya humng'ata usiku akiwa amelala. Na kunguru wa Kihindi, walioletwa Unguja katika miaka ya 1890, wamejaa mjini na mashambani, nao humdonoa mtoto wa kobe ambaye gamba lake halijawa gumu. Kwa hiyo banda la kobe mdogo lifunikwe kwa wavu juu, na usiku lifungwe vema.

Dalili za ugonjwa

Mara moja kwa juma mchukue kobe penye mwanga, umtazame juu na chini. Mtazame kwa macho, mguse kwa kidole, na umnuse kwa pua. Mara moja kwa mwezi mpime katika mzani, uandike uzito wake katika daftari. Daftari hilo litakuambia mapema kuliko macho kwamba mambo si mazuri.

Kobe aliyetoka yaini gamba lake huwa na ulaini kama ukucha wa mtoto mchanga, nalo huendelea kukaza miezi ya kwanza. Lakini kobe aliyetimiza mwaka na zaidi gamba lake liwe gumu. Likibonyea, hiyo ni dalili ya kukosa jua na kalsiamu, na aghalabu utaona pia miguu dhaifu na mdomo uliopinda.

Dalili nyingine ni vishimo vidogo, madoa meupe au ya kijivu yaliyo kama unga, kigae kinachoinuka pembeni, maji maji yenye harufu mbaya, na wekundu chini ya gamba la tumboni. Huko ni kuoza kwa gamba. Mara nyingi huanzia katika mchubuko mdogo ulioingiwa na vijidudu au ukungu, kwa sababu kobe alilala penye tope na mavi yake mwenyewe. Hatari yake huja wakati wa masika, ambapo ua hujaa maji siku nyingi mfululizo. Wakati huo kobe awe na mahali palipoinuka, pakavu, penye paa.

Ukiona dalili hizo, mtenge kobe mahali pakavu na safi. Safisha palipo na kidonda kwa maji safi na dawa ya aidini ya kuoshea vidonda, iliyochanganywa na maji mengi hata ikawa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Usichimbe wala usibandue kigae. Kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo upesi, kwa kuwa uozo ukifika mfupani huingia damuni.

Na ikiwa kobe ameanguka toka ghorofani au amekanyagwa na gari, na gamba lake limepasuka, usimtie gundi wala saruji. Ukiufunga ufa wenye uchafu ndani, wafungia ugonjwa. Funika pale kwa kitambaa safi kilicholowa maji yaliyochemshwa na kupozwa, funga kwa bendeji bila kukaza, zuia nzi wasitue, ukamfikishe kwa daktari siku ile ile. Gamba huweza kuungana tena. Lakini hupona pole pole kama mfupa wowote, kwa miezi mingi na pengine zaidi ya mwaka.

Vilima vya gamba vikiisha kuinuka havishuki tena. Wala mtu asikate tamaa kwa ajili hiyo. Kobe akirudishwa katika matunzo mema, gamba jipya litakalokua litakuwa laini, naye aweza kuishi miaka mingi, ingawa alama ya siku zake za taabu itabaki mgongoni mwake.

Kobe, kasa na ng'amba

Pwani yetu yajulikana kwa magamba tangu zamani za kale. Kitabu cha safari za baharini kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, chataja biashara ya magamba ya kasa katika pwani hii, na kisiwa kiitwacho Menouthias chenye kobe wa nchi kavu. Wataalamu hubishana kama kisiwa hicho ni Unguja, Pemba au Mafia. Ng'amba, ambaye gamba lake zuri lilitumika kutengenezea vitana na masanduku ya thamani, aliwindwa mpaka akapungua sana ulimwenguni. Naye tangu mwaka 1977 yumo katika orodha ya kwanza ya mapatano ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, ambayo huzuia biashara yake baina ya nchi na nchi. Kasa na ng'amba ni wa baharini, wala si wa kufugwa uani. Atakaye kuwaona kasa karibu na aende Mnarani, Nungwi, ambako tangu mwaka 1993 wanakijiji wamehifadhi kasa katika bwawa la maji ya bahari.

Kobe wa nchi kavu nao wana mapatano yao. Kobe wa Aldabra yumo katika orodha ya pili ya mapatano hayo, hata biashara yake baina ya nchi na nchi haifanyiki bila kibali. Kobe yule bapa wa majabali ya bara, aishiye Tanzania na Kenya, aliingizwa katika orodha ya kwanza mwaka 2019, kwa kuwa wengi mno walichukuliwa kwenda kuuzwa kwa wafugaji wa ng'ambo. Kwa hiyo mtu asiokote kobe njiani akamleta nyumbani, wala asimnunue kwa mchuuzi asiyejulikana. Aulize kwanza katika ofisi za serikali zinazosimamia misitu na wanyamapori. Kobe wa porini aliye mzima mahali pake ni porini. Ukimkuta akivuka barabara, mvushe upande ule aliouelekea, ukaende zako.

Urithi wa miaka mingi

Mwaka 1874 watu wa elimu wa Uingereza, akiwamo Charles Darwin, walimwandikia gavana wa Mauritius wakiomba kobe wa Aldabra wahifadhiwe, kwa sababu katika visiwa vingine vya bahari hii jamaa zao walikuwa wamekwisha angamizwa na mabaharia. Ombi hilo lilisaidia. Mwaka 1982 Aldabra iliwekwa katika urithi wa dunia. Laiti wasingeandika, pengine zawadi ile ya mwaka 1919 isingalipatikana.

Katika kisiwa cha St Helena, Bahari ya Atlantiki, yuko kobe aliyepewa jina la Jonathan, aliyefikishwa huko toka Shelisheli mwaka 1882. Alipofika alikuwa amekwisha komaa, na kwa hiyo hukadiriwa kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1832. Mwaka 2022 watu wa kisiwa hicho walisherehekea miaka yake 190. Magavana wengi wamekuja na kuondoka, yeye akila majani katika bustani ile ile. Uzeeni alipofifia macho na mdomo wake ukawa butu, asiweze kukata nyasi vema, daktari wa wanyama alianza kumlisha kwa mkono mboga na matunda, na mdomo wake ukapata makali tena. Hata katika uzee wa namna hiyo, pembe na ukucha wa kobe hufuata chakula chake.

Basi, mzazi anayemchukulia mtoto wake kobe mdogo na ajue kwamba ameanza jambo ambalo huenda hatalimaliza yeye, wala pengine mtoto wake. Mbwa twamfuga miaka 10 au 15, tukamzika. Lakini kobe ndiye atakayetuzika sisi. Kwa hiyo lile daftari la uzito lisiwe la mtu mmoja. Liandikwe jina la kobe, mwaka aliopatikana, kibali chake, chakula chake, magonjwa aliyopata na dawa zilizomfaa. Na watoto wafundishwe kulisoma na kuliandika, wapate kulipokea siku ikifika.

Katika wanyama wa nyumbani hakuna aonyeshaye malezi yake waziwazi kuliko kobe. Miaka yake ya kwanza, ya jua au ya giza, ya majani au ya makombo, imeandikwa mgongoni mwake, na kila apitaye huisoma. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema. Kobe naye atunzwe gamba lake likiwa bado changa, kwa maana likiisha kukauka hatuna namna ya kulikunja upya.